Ukuta wa Udongo, Ukuta wa Tofali: Jinsi Kanuni za Ujenzi Zilivyoigawa Dar es Salaam

Uzunguni, uhindini, uswahilini. Mtajie maneno haya mtu yeyote aliyekulia Dar es Salaam, Tanga, Dodoma au Moshi, hatakuuliza maana yake. Anajua wapi kuna miti mikubwa na nyumba zilizokaa mbalimbali, wapi kuna duka chini na makazi juu, na wapi nyumba zimebanana mpaka maji ya kuoga ya huyu yanapitia uani kwa yule.

Lakini chukua kanuni za ujenzi za mji wa Dar es Salaam za wakati wa ukoloni uyatafute maneno hayo. Huyapati. Utakachokuta ni habari za kuta, mapaa, mawe, chokaa na makuti. Ni kanuni za fundi, au angalau zinaonekana hivyo. Swali letu leo ndo hili: ilikuwaje kanuni zinazozungumzia ukuta zikaishia kugawa watu? Na swali la pili, ambalo linatugusa zaidi sisi tunaoishi humu sasa: baada ya historia hiyo, je, tuzichukie kanuni zenyewe?

Kanda tatu

Dar es Salaam ni mji mchanga. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, na alipofariki mwaka 1870 ujenzi ukadorora. Wajerumani waliingia mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo.

Mwaka huohuo wakatoa kanuni ya ujenzi. Sehemu ya mbele, inayotazama bahari na bandari, ilitengewa majengo ya mtindo wa Ulaya. Nyuma yake yakaruhusiwa majengo ya kudumu ya namna nyingine. Nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa makuti, zikasukumwa pembeni. Mwaka 1914 kanuni mpya ikaweka wazi kanda tatu, na serikali ilikuwa imekwisha kununua shamba kubwa upande wa magharibi ili Waafrika wapimiwe viwanja huko. Vita vikaanza kabla mpango haujakamilika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo hilo likageuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Ukilitamka jina hilo harakaharaka kwa ulimi wa Kiswahili unapata Kariakoo.

Ungetegemea mtawala mpya afute kanuni za adui yake. Waingereza waliufuta utawala wa Mjerumani, ramani yake wakaiweka. Katika miaka ya 1920 kanda zilibaki tatu: ya kwanza makazi ya aina ya Ulaya, ya pili biashara na makazi, ya tatu nyumba za kienyeji. Kati ya kanda ya tatu na nyingine palisafishwa uwanja mrefu usio na nyumba. Uwanja huo bado tunao: ni Mnazi Mmoja. Leo tunaujua kwa mikutano, gwaride na watu wanaopumzika kivulini, lakini ulizaliwa ukiwa mpaka.

Kwa nini basi kanuni zisiseme wazi tu, kwamba huku Wazungu na kule Waafrika? Sababu mojawapo ni ya kisheria. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida la Uingereza. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Ligi ya Mataifa, na masharti ya udhamini yalikataza kubagua raia wa nchi wanachama. India, ingawa ilitawaliwa na Uingereza, ilikuwa mwanachama wa Ligi. Kwa hiyo kuandika kwenye kanuni ya mji kwamba Mhindi haruhusiwi kukaa mtaa fulani kungeleta kesi na kelele. Jirani zetu Kenya nao, ambako wakoloni walikuwa wakitaka kuwatenga Wahindi mijini, waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 uliiacha sera hiyo.

Ukuta ukafanya kazi ambayo maneno hayakuweza. Kanuni haikukuuliza wewe ni nani. Ilikuuliza unajenga kwa nini. Kama mshahara wako unatosha miti, udongo na madebe yaliyofunuliwa kuezekea paa, jibu lilikuwa limeshatoka. Na nani alilipwa mshahara wa miti na udongo? Hapo ndipo rangi iliporudi kwa mlango wa uani.

Mbu kama mpima ardhi

Blogu hii ni ya sayansi, kwa hiyo tusiiruke sayansi iliyotumika kuhalalisha mambo haya, maana ilikuwepo na ilikuwa ya kisasa kwa wakati wake.

Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kwamba vimelea vya malaria vinakua ndani ya mbu. Miaka michache baadaye watafiti wa Kiingereza waliofanya kazi Afrika Magharibi, Stephens na Christophers, walipima damu za watoto wa Kiafrika wakakuta wengi wana vimelea ingawa hawaonekani wagonjwa. Kipimo chao kilikuwa sahihi. Ushauri walioutoa ndio wenye mjadala: Wazungu wakae mbali na nyumba za Waafrika, umbali ambao mbu hataumaliza usiku. Freetown ikajengewa mtaa wa Wazungu mlimani mwaka 1904. Nchini Nigeria, Lugard akaweka ukanda usio na nyumba wenye upana wa yadi 440, yaani robo maili.

Ajabu ni kwamba Dar es Salaam ilikuwa imeshajaribu njia nyingine. Robert Koch alifanya utafiti wa malaria hapahapa mwishoni mwa miaka ya 1890, na kuanzia mwaka 1901 daktari mmoja wa Kijerumani aliyefuata njia ya Koch, Ollwig, aliendesha kampeni ya kupima damu za wakazi na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Hiyo ni hoja tofauti kabisa: kama vimelea viko ndani ya watu, watibu watu. Ilikuwa kazi ngumu, ya gharama, na watu waliochoka kumeza dawa chungu walikuwa wengi. Lakini inatuonyesha kwamba kutenga mitaa halikuwa jibu pekee ambalo sayansi ya siku zile ililijua. Lilikuwa jibu moja kati ya kadhaa, na lilichaguliwa.

Tena lilikuwa na tundu ambalo hata mtoto angeliona. Nyuma ya kila nyumba ya uzunguni palikuwa na kibanda cha mpishi, cha yaya, cha mtunza bustani. Waafrika hao walilala ndani ya eneo lililotakiwa kuwa salama, na hakuna uwanja wa robo maili uliowatenganisha na chumba cha bwana. Mbu alikuwa na hatua thelathini tu za kuruka. Kama kanuni ingekuwa inaogopa mbu kwelikweli, ingeanzia hapo.

Karatasi ya huyu na karatasi ya yule

Kanda zilitofautiana pia kwa karatasi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika mikononi mwa Gavana, na mtu alipewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Haki hiyo haikuwa zawadi. Ilikuja na masharti: jenga jengo la thamani fulani, ndani ya muda fulani, kwa matumizi yaliyotajwa, ulipe kodi ya ardhi. Ukivunja, hati inafutwa.

Ukiitazama vizuri, huu ni mkataba. Serikali inatoa ardhi na muda mrefu, wewe unatoa ujenzi. Na muda mrefu ndio uliokuwa na thamani halisi, kwa sababu mwenye hati ya miaka mingi anaweza kuipeleka benki, akakopa, akajenga kwa tofali.

Kariakoo mambo yalikuwa mengine. Mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja kwa haki ya muda mfupi. Nyumba ilikuwa yake, ardhi chini yake aliikalia kwa hisani. Hakuna benki itakayokopesha kwa karatasi ya namna hiyo. Kwa hiyo tazama jinsi mduara unavyofunga: huna hati ndefu, hupati mkopo, hupati mkopo, hujengi kwa tofali, hujengi kwa tofali, basi wewe ni mtu wa kanda ya tatu, na mtu wa kanda ya tatu hapewi hati ndefu. Ofisa wa wakati ule angeweza kusimama Mnazi Mmoja, akanyooshea kidole nyumba za udongo, akasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba hao ndivyo wanavyojenga.

Na bado watu walijenga. Nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma, ikawa mtaji wa maelfu ya familia. Unakaa chumba kimoja au viwili, vingine unapangisha. Wajane walisomesha watoto kwa kodi ya chumba cha nne. Mambo haya hayakuandikwa kwenye ramani ya mji, lakini ndiyo yaliyoujenga mji.

Kutoka ukuta hadi ujazo

Mwaka 1949 kampuni ya Kiingereza ya Sir Alexander Gibb iliandaa mpango mkuu wa Dar es Salaam. Lugha ya kanda za ujenzi ikapisha lugha mpya: ujazo. Yaani kwenye hekta moja zikae nyumba ngapi. Ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa. Kipimo cha kitaalamu, hakina harufu ya rangi. Ila ukiuweka mpango juu ya ramani ya zamani, ujazo mdogo uliangukia Wazungu, wa kati Wahindi, mkubwa Waafrika.

Baada ya uhuru wa 1961 yalifanyika mambo makubwa. Umiliki wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na sehemu kubwa ya uhindini ikawa mali ya umma. Miaka ya 1970 vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa badala ya kubomolewa. Nani alikaa wapi kulibadilika sana.

Lakini madaraja matatu hayakuondoka. Nenda leo kwa dalali yeyote uulizie kiwanja kilichopimwa. Atakwambia hiki ni cha ujazo mkubwa, hiki cha kati, hiki cha ujazo mdogo. Anamaanisha ukubwa wa kiwanja, na wewe unasikia bei. Kigezo hakigawi rangi tena, kinagawa mfuko. Na kwa kuwa viwanja vilivyopimwa havijawahi kutosha, zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji wamejenga nje ya madaraja yote matatu, wakipimiana kwa kamba mbele ya mjumbe na mashahidi.

Kanda ya tatu inapanda bei

Sasa historia ilifanya jambo la kuchekesha kidogo. Kariakoo, kanda ya tatu, mahali pa nyumba za udongo, ikawa soko linalohudumia hadi Lubumbashi na Lusaka. Biashara ilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, uwanja wa mbele ya baraza ukawa na thamani kuliko nyumba nzima. Mipango ya kuijenga upya ikaruhusu maghorofa. Yule mjane wa chumba cha nne, au watoto wake, wakajikuta wamekaa juu ya dhahabu bila pesa ya kuichimba.

Hapo ndipo ulipoingia mkataba wa aina mpya: ubia. Mwenye kiwanja anatoa ardhi, mjenzi analeta fedha, jengo likisimama wanagawana. Shirika la Nyumba nalo limefanya hivyohivyo na majengo yake ya zamani mjini, na mwaka 2022 lilizindua sera mpya ya ubia. Mwaka 2008 ilitungwa sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo peke yake, kwa hiyo kugawana ghorofa kukawa na msingi wa hati.

Si jambo baya. Ni njia mojawapo ambayo familia isiyo na mtaji imepata jengo la kisasa. Lakini hesabu yake inadanganya. Tuseme jengo lina ghorofa nane, na familia inapewa mbili za juu kabisa. Mbili kwa nane ni robo, inaonekana haki. Ila Kariakoo pesa iko chini, kwenye fremu za maduka. Ghorofa ya nane ambako lifti imekufa mteja hapandi. Robo ya jengo inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya mapato yake. Halafu yako yale ambayo mara nyingi hayaandikwi: jengo lisipokwisha kwa muda uliokubaliwa, familia inakaa wapi na kodi inalipwa na nani? Hati iko mikononi mwa nani wakati ujenzi unaendelea, na inaweza kuwekwa rehani? Kiwanja kikiwa bado kina jina la marehemu babu, nani kati ya warithi kumi na mmoja ametia saini kwa niaba ya wengine?

Asiyetia saini

Hata hivyo mkataba uliokamilika, ulioandikwa na wakili mzuri, una upungufu ambao hauwezi kuutibu wenyewe. Waliotia saini ni wawili. Jengo linawagusa wengi.

Chukua msingi. Udongo wa pwani yetu sehemu nyingi ni wa mchanga. Msingi wa jengo haushikiliwi na udongo ulio chini yake tu. Unashikiliwa pia na udongo ulio pembeni, unaozuia ule wa chini usiteleze kwenda kando. Jirani akichimba shimo refu la stoo ya chini ya ardhi bila kuweka ukuta wa kuzuia, anauondoa ule mkono wa pembeni. Jengo lako halijaguswa hata kwa nyundo, lakini limeanza safari. Chukua na maji taka: bomba lililowekwa kwa ajili ya nyumba ya vyumba sita sasa linapokea ghorofa nane. Chukua gari la zimamoto linalohitaji nafasi ya kupita. Jirani, mpangaji, mchuuzi wa chini ya ngazi, hakuna aliyekuwepo mezani wakati ubia unajadiliwa. Anayepaswa kukaa kwenye kiti chao ni halmashauri, na silaha yake ni kibali cha ujenzi na mkaguzi anayefika kweli.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Barabara ya Indira Gandhi, katikati ya mji, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jengo Kariakoo, siku ya Jumamosi asubuhi, watu wakiwa madukani. Waliokufa walizidi 25, na kwa siku kadhaa waokoaji walikuwa wakitoboa njia kuwafuata waliokuwa chini ya kifusi.

Hapa ndipo historia yetu inageuka. Kwa zaidi ya nusu karne, kanuni ya ukuta katika mji huu haikujali ukuta. Ilimjali mtu aliye nyuma yake: nani akae wapi, nani apate hati, nani avuke Mnazi Mmoja kwenda kazini na kurudi jioni. Ilipima tofali ili kupima ngozi, na ilisimamiwa kwa bidii sana. Leo tunahitaji kanuni inayoujali ukuta wenyewe: unene wake, nondo zake, zege lake, shimo lililochimbwa kando yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo kanuni za ujenzi zilikuwa zikidai kuifanya tangu 1891, na ndiyo tunayoona mara nyingi haifanywi.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hapana. Aliyeona kanuni zikitumika kuwatenga watu ana haki ya kuzitilia shaka, na Waswahili wengi wa mjini wamerithi shaka hiyo: kibali ni usumbufu, mkaguzi ni mtu wa kumalizana naye. Shaka hiyo ina sababu zake za kihistoria. Ila inamfaidisha zaidi anayejenga ghorofa ya ziada usiku.

Ukipita kwenye jengo linalojengwa, tafuta bango la mradi. Linatakiwa kutaja msanifu, mhandisi na mkandarasi. Ukiona tangazo la kubadili matumizi ya kiwanja jirani na kwenu, lisome kabla muda wa pingamizi haujapita. Na kama familia yenu imeletewa karatasi ya ubia, msikimbilie ukurasa wa mgawo wa fremu. Ombeni kwanza kuona kibali, kisha mhesabu ghorofa zilizoandikwa humo.